Kukopa na Kuiba katika Muziki wa Roki

Sanaa zote hukopa. Mshairi hupokea bahari kwa malenga waliomtangulia. Seremala wa milango ya nakshi hupokea mikato ya patasi kwa fundi wake. Na mwimbaji hupokea mahadhi kwa masikio kabla hajajua kuyatunga. Hapana msanii aliyeanza ulimwenguni peke yake. Walakini hukumu zetu juu ya mikopo ya namna hii hazilingani. Wimbo mpya unapofanana na wa zamani, msikilizaji mmoja husema umeibwa, mwingine husema umerithiwa, na wa tatu husema kuwa nyimbo zote hatimaye ni moja. Watatu hawa hawawezi kuwa na haki kwa pamoja, na kelele haziwezi kuamua baina yao. Hapo ndipo mhakiki atakiwapo kuleta kipimo.

Muziki wa roki wafaa sana kwa kazi hiyo. Ulizaliwa Marekani katika miaka ya 1950, ukavuka bahari hadi Uingereza, kisha ukaenea duniani. Umri wake si mkubwa, na karibu kila hatua yake imehifadhiwa katika sahani za santuri. Atakaye kumlinganisha mkopaji na mkopeshaji hana haja ya kutegemea uvumi. Aweza kuwasikiliza wote wawili. Tena ndani ya historia hii limo jambo la haki. Wengi wa waliokopwa walikuwa Wamarekani weusi waliopata ujira mdogo kwa kazi yao, na wengi wa waliotajirika kwa mikopo hiyo walikuwa vijana weupe wa pande zote mbili za bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo swali letu lagusa masikio, na lagusa dhamiri pia.

Kiungo kikopwacho zaidi katika roki huitwa rifu. Rifu ni kipande kifupi cha mahadhi, aghalabu cha gita, kinachorudiwa tena na tena hata kikawa uti wa mgongo wa wimbo. Mtu aweza kusahau maneno yote ya wimbo akabaki na rifu yake mdomoni. Rifu nyingine ina nota nne au tano tu. Na kwa kuwa ngazi ya sauti za muziki wa Magharibi ina nota 12 tu, si ajabu watungaji wawili wasiojuana kukutana njiani. Kufanana peke yake, basi, si ushahidi wa wizi.

Liko na jambo jingine. Nyimbo nyingi za roki zimejengwa juu ya umbo la bluzi lenye vipimo 12, ambamo makundi matatu ya sauti hufuatana kwa utaratibu ujulikanao na kila mpiga gita. Umbo hilo ni mfano wa bahari katika ushairi wetu. Tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa hata leo, malenga hutunga mashairi ya mishororo minne yenye mizani 16 kila mmoja, na hapana aliyemshitaki mwenziwe kwa kuhesabu hadi 16. Chombo ni cha wote. Shehena ni ya aliyeipakia. Hivyo mhakiki ajiulize maswali matatu. La kwanza, kinachofanana ni chombo cha wote au ni shehena ya mtu? La pili, mkopaji ameongeza nini juu ya alichokikuta? La tatu, amemtaja na kumlipa aliyemkopesha?

Tuyajaribu maswali haya kwa Chuck Berry wa mji wa St. Louis, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2017. Hapana mpiga gita wa roki asiyeujua mwanzo wa wimbo wake "Johnny B. Goode" wa mwaka 1958. Lakini miaka 12 kabla yake, mwaka 1946, bendi ya Louis Jordan ilirekodi wimbo uitwao "Ain't That Just Like a Woman", ukafunguliwa na gita la Carl Hogan. Ukizisikiliza sahani mbili hizo moja baada ya nyingine, utaona kuwa nota za mwanzo zinakaribia kuwa zile zile. Hapa hatuwezi kusema kuwa Berry alichukua chombo cha wote. Alichukua shehena ya Hogan.

Je, alifanya nini nayo? Katika wimbo wa Jordan, gita hubisha hodi tu, kisha huwaachia nafasi waimbaji na wapiga tarumbeta. Berry aliuharakisha mwendo, akaukaza mlio, akalifanya gita kuwa msemaji mkuu wa wimbo mzima, na akalipa kisa cha kusimulia: kisa cha kijana wa shamba, asiye na elimu kubwa, ambaye vidole vyake vina kipawa. Tena alipoulizwa juu ya asili ya upigaji wake, hakuficha. Alimtaja Hogan miongoni mwa walimu wake. Mwaka 1977 Marekani ilipopeleka angani vyombo viwili vya Voyager, kila kimoja kikiwa na sahani ya sauti za dunia, "Johnny B. Goode" ulikuwa ndani yake. Kwa hiyo kipande cha Hogan kinasafiri baina ya nyota, ingawa watu wachache sana duniani hulijua jina lake. Mkopo wa Berry ulikuwa wa kiungwana, na hata hivyo sifa haikugawanywa sawasawa. Jambo hili tulikumbuke, maana laonyesha kuwa hata mkopo mwema huacha deni.

Zamu ya Berry kukopwa haikukawia. Mwaka 1963 kundi la Beach Boys la California lilitoa "Surfin' U.S.A.". Brian Wilson alikuwa ametunga maneno mapya juu ya mahadhi ya "Sweet Little Sixteen", wimbo wa Berry wa mwaka 1958. Hapo hapana shaka hata kidogo: si rifu moja iliyochukuliwa, ni mahadhi yote, kutoka kichwani hadi miguuni. Haki za wimbo zilikwenda kwa kampuni iliyomiliki nyimbo za Berry, na jina lake likaja kuandikwa kuwa mtungaji. Kwa kipimo chetu, Wilson alijibu swali la pili vizuri, kwani maneno yake yalifungua ulimwengu wa vijana wa pwani waendao na mawimbi. Lakini swali la tatu lilijibiwa kwa kulazimishwa.

Mwaka 1969 John Lennon wa kundi la Beatles alitunga "Come Together", na mwanzo wake ulikumbusha wimbo mwingine wa Berry, "You Can't Catch Me" wa mwaka 1956, kwa mahadhi na kwa baadhi ya maneno. Paul McCartney aliutambua ufanano huo, na kwa shauri lake wimbo ukapunguzwa mwendo na kutiwa sauti nzito ya besi, hata ukawa kiumbe wa namna nyingine kabisa. Hata hivyo Morris Levy, mwenye kumiliki haki za wimbo wa Berry, alimshitaki Lennon. Walipatana mwaka 1973 kwamba Lennon aimbe nyimbo ambazo Levy alikuwa na haki zake. Na mwaka 1975, katika sahani yake "Rock 'n' Roll", aliuimba "You Can't Catch Me" wenyewe. Msomaji aangalie kuwa aliyeshitaki hakuwa Berry. Alikuwa mfanyabiashara aliyezinunua haki. Mara nyingi mali ya sanaa hulala katika nyumba moja, na msanii katika nyumba nyingine.

Sasa tugeukie kisa ambacho chombo na shehena ni vigumu kutenganisha. Mwaka 1955 Bo Diddley alitoa mjini Chicago wimbo alioupa jina lake mwenyewe. Nguvu ya wimbo ule imo katika mdundo: mapigo matatu, kisha mapigo mawili, na hivyo tena hadi mwisho. Mwaka 1957 Buddy Holly wa Texas aliujengea mdundo huo wimbo wake "Not Fade Away". Mwaka 1964 Rolling Stones wa Uingereza waliurudia wimbo wa Holly. Na mwaka 1988 kundi la U2 la Ireland liliutumia mdundo uo huo katika "Desire". Bo Diddley alinung'unika hadharani kwamba wengine wamevuna shamba alilolima, na sheria haikumpa njia ya kudai, kwa kuwa mdundo mtupu hauna mwenyewe mbele ya sheria.

Je, sheria ilimdhulumu? Nadhani hapa ilikuwa na hoja. Mapigo yale matatu kwa mawili ndiyo nguzo ya muziki wa Cuba, ambako yalipelekwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Huko Marekani nako, watumwa waliokatazwa ngoma walijipiga vifua na mapaja kwa midundo ya jamaa hiyo. Sahani za Cuba zilirudi Afrika, zikapokewa Kongo, zikachanganyika na muziki wa huko, na rumba iliyotokana nazo ikachezwa hadi Nairobi na Mombasa. Kijana wa Kenya aliyezoea rumba ya Kongo ameusikia mdundo wa jamaa ya ule wa Bo Diddley kabla ya kulisikia jina lake. Kitu kilichozunguka bahari mbili na kupita mikono ya watu wasiohesabika hakiwezi kufungiwa sandukuni na mtu mmoja. Lakini kutodaiwa na sheria si sawa na kutodaiwa kabisa. Bo Diddley ndiye aliyeuleta mdundo ule mbele ya vijana wa roki kwa gita lake la kunguruma, na anastahili kutajwa. Rolling Stones walijua hivyo. Walipozunguka Uingereza pamoja naye mwaka 1963, waliziacha nyimbo zake zote walizozoea kuzipiga, kwa kumheshimu. Huo ulikuwa ulipaji wa namna yake.

Kisa cha Willie Dixon hakina utetezi wa namna hiyo. Dixon alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1915, akawa mtungaji mkubwa wa bluzi mjini Chicago. Wimbo wake "You Need Love" ulirekodiwa na Muddy Waters mwaka 1962. Mwaka 1969 Led Zeppelin, kundi la Waingereza, lilitoa "Whole Lotta Love". Mhakiki mwadilifu lazima agawe wimbo huu mafungu mawili. Rifu yake, ile nzito ya gita la Jimmy Page, ni kazi yao wenyewe, na ni miongoni mwa rifu bora za roki. Lakini maneno mengi aliyoyaimba Robert Plant yalikuwa yale ya Dixon, yamegeuzwa kidogo tu. Sahani ilipotoka, majina yaliyoandikwa yalikuwa ya wanabendi peke yao.

Maneno ya mtu si bahari ya bluzi. Ni shehena yake. Dixon alishitaki mwaka 1985, miaka 16 baada ya wimbo kutoka, na mwaka 1987 wakapatana nje ya mahakama. Jina lake likaongezwa. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Dixon alicheza kwao, na tuzo zikaenda ng'ambo. Jambo jema ni kwamba hakuyatafuta malipo kwa ajili ya nafsi yake tu. Alianzisha taasisi iitwayo Blues Heaven Foundation ili kuwasaidia wanamuziki wengine wa bluzi kupata haki zao. Alifariki mwaka 1992.

Je, kwa kuwa Led Zeppelin walikosa hapo, tuwahukumu katika kila shitaka? La. Mhakiki ahukumu wimbo, asihukumu sifa ya mtu. Mwaka 2014 walishitakiwa kwamba mwanzo wa "Stairway to Heaven" wa mwaka 1971 ulichukuliwa katika "Taurus", wimbo usio na maneno wa kundi la Spirit, uliotungwa na Randy California na kutolewa mwaka 1968. Makundi haya mawili yalipata kupiga katika jukwaa moja, na mtu akizisikiliza sahani zao huenda akashituka, maana katika zote mbili gita huteremka hatua kwa hatua kwa sauti ya majonzi. Lakini mteremko huo ni wa zamani sana. Henry Purcell wa Uingereza aliutumia katika maombolezo ya opera yake "Dido and Aeneas" katika karne ya 17. Ngazi iliyoshukwa na watu kwa miaka 300 haiwezi kuwa ya yule aliyeishuka mwaka 1968.

Mwaka 2016 jopo la raia mjini Los Angeles liliamua kuwa Led Zeppelin hawakunakili. Mwaka 2018 majaji wa rufani waliagiza kesi isikizwe upya. Mwaka 2020 majaji 11 wa mahakama iyo hiyo ya rufani wakaurudisha uamuzi wa jopo, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuliingilia jambo hilo. Liko funzo moja katika kesi ile. Kwa sheria iliyohusu nyimbo za wakati ule, kilicholindwa ni nota zilizoandikwa na kuwekwa serikalini, wala si sauti iliyo katika sahani. Hivyo jopo halikulinganisha yale ambayo ulimwengu uliyasikia, bali yale yaliyoandikwa karatasini. Sheria na sikio hutumia mizani mbalimbali, na mhakiki asiikabidhi sheria kazi yake yote.

Kuna mkopaji wa namna nyingine, naye ni yule asiyejua kuwa amekopa. George Harrison, aliyekuwa wa Beatles, alitoa "My Sweet Lord" mwaka 1970. Mahadhi yake yalifanana mno na ya "He's So Fine", wimbo wa Ronnie Mack ulioimbwa na wasichana wa kundi la Chiffons mwaka 1963. Nyimbo mbili hizi zina vipande viwili vifupi vya mahadhi ambavyo hufuatana na kurudiwa kwa namna ile ile. Kipande kimoja kikikutana na mwenzake kwa bahati, tungesamehe. Viwili kwa mpangilio mmoja ni ushahidi. Mwaka 1976 jaji Richard Owen wa New York, ambaye mwenyewe alikuwa mtungaji wa opera, aliamua kuwa Harrison hakukusudia, ila akili yake iliutoa wimbo ule mahali pa siri ulipohifadhiwa bila yeye kujua. Mwaka 1981 malipo yalikadiriwa kuwa dola 587,000. Na fedha hizo zilikuwa za nani? Haki za "He's So Fine" zilikuwa zimenunuliwa na Allen Klein, ambaye zamani alikuwa meneja wa Harrison mwenyewe. Ronnie Mack alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1963, mwaka uo huo wimbo wake ulipovuma.

Jina la Klein latupeleka kwenye kisa cha mwisho. Mwaka 1997 kundi la The Verve la Uingereza lilitoa "Bitter Sweet Symphony". Fidla zake zilitokana na sahani ya okestra ya Andrew Loog Oldham, iliyoupiga kwa mtindo wake wimbo wa Rolling Stones wa mwaka 1965, "The Last Time". Mgogoro ulizuka juu ya kiasi kilichochukuliwa, na haki za utunzi zikaenda kwa Mick Jagger, Keith Richards na kampuni ya Klein, hali maneno yalikuwa ya Richard Ashcroft wa The Verve. Lakini "The Last Time" wenyewe ulitokana na wimbo wa kidini ulioimbwa na jamaa ya Staple Singers, waimbaji weusi, katika miaka ya 1950. Wakopaji wa kwanza wakawa wadai wakali wa mkopaji wa pili. Mwezi Mei 2019 Ashcroft alitangaza kuwa Jagger na Richards wamemwachia haki hizo. Ilichukua miaka 22.

Katika visa vyote hivi, aibu haikuletwa na tendo la kuchukua. Lau Berry hangemsikiliza Hogan, na Lennon asimsikilize Berry, roki isingekuwapo. Aibu ililetwa na jina lililofutwa. Mwaka 2001 kundi la Strokes la New York lilitoa "Last Nite", ambao mwanzo wake watoka katika "American Girl" wa Tom Petty wa mwaka 1976. Walikiri waziwazi kuwa wameuchukua. Petty hakukasirika, hapakuwa na kesi, na mwaka 2006 walipiga naye katika majukwaa yake. Ukweli uliosemwa mapema haukuwagharimu kitu.

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Wengi wa wanamuziki tuliowataja waliionja kweli ya methali hiyo. Nawe msomaji, siku moja huenda ukatunga wimbo kwa tamasha la shule, au shairi, au insha, na bila shaka utakopa kwa mtu. Kopa, maana hutaweza kuepuka. Jiulize ulichochukua ni cha wote au ni cha mtu. Ongeza cha kwako kinachoonekana. Kisha andika jina la aliyekukopesha mahali ambapo kila msomaji ataliona.